Kodi Nusu

Niliuza mto huu kwa beleshi.
Lori saba kwa siku, kiangazi kizima,
mchanga wa Handali ukipanda mjini kuwa ghorofa,
nami nikirudi nyumbani na sukari, na mgongo.
Kingo zikabaki kama fizi zilizong'olewa meno.

Basi Novemba hii usinipe pole.
Nishikie kamba.

Sechelela anakata matawi ya mkuyu,
unene wa kifundo, urefu wa mtu aliyekaa,
anayachovya kwenye tope la samadi
na kuyasimika pale ukingo ulipolika.
"Jicho liangalie juu," anasema. "Ukiligeuza, umezika kuni."
Niligeuza kumi na moja kabla sijamsikia.

Kule chini, penye unyevu, tunapanda ndago na matete
tuliyoyabeba kwa baiskeli kutoka Hombolo,
mizizi imefungwa kwenye gunia bichi,
ikichuruzika njia nzima
hadi trafiki akauliza tumebeba samaki gani.

Mikalitusi ya mradi wa zamani tumeikata, visiki tumeng'oa.
Ilikunywa kama mgeni asiyeuliza kisima ni cha nani.
Chidosa alilia. Aliipanda yeye, akapewa kofia.
Kofia bado anaivaa.

Januari korongo likashuka usiku.
Kwetu hapakuwa na tone;
mvua ilikuwa ya watu wengine, huko milimani,
maji ndiyo yakawa yetu.
Asubuhi vijiti mia tatu vilikuwa vimekwenda,
na vilivyosazwa na maji vikafuatwa na mbuzi wa Ndahani.
Vimebaki sitini na viwili.
Nimevihesabu mara mbili,
kama mtu aliyerudishiwa chenji gizani.

Sasa ni Agosti. Mchanga unaunguza nyayo.
Mwaka jana binti yangu Nyemo alichimba maji humu
hadi tukawa tunaona kitambaa cha kichwa tu.
Leo amechimba,
na kata imegusa maji
akiwa bado amepiga magoti.

Hakusema kitu. Alijaza ndoo, akajitwika, akaondoka.

Nikabaki na lile shimo dogo.
Limetulia. Lina jani moja la mkuyu
na chura, sijui katoka wapi,
ananitazama
kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji
aliyeleta kodi nusu.