Kavalishwa Huyu

Sanduku lilifika Wete juu ya lori la saruji,
vitabu arubaini na kimoja, vumbi migongoni,
na mimi, mtunza maktaba nisiye na maktaba
(chumba kimoja, rafu tatu, paa linalovujia Kamusi),
nikatakiwa niamue kipi kikae wapi.

Arubaini havikunisumbua.
Hisabati ni hisabati. Kuku ni kuku, hata akichorwa mnene.
Cha mwisho kilikuwa cha makomando:
jalada gumu, picha za rangi kila ukurasa,
wanaume wenye taya kama matofali
wakiteremka kwa kamba kutoka kwenye helikopta,
na hakuna hata mmoja aliyetota jasho.

Hidaya wa darasa la saba alikidaka kwanza.
"Mwalimu, haya ni kweli?"
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Alasiri nikakipeleka Limbani kwa Bi Mgeni,
aliyeshona sare za jeshi miaka kumi na minane
mpaka vidole vikapinda kuifuata sindano.
Maneno hakuyasoma. Miwani yake ilikwenda kwenye mishono.
"Mfuko huu hauwi hapa.
Ukiuweka hapa mkanda wa risasi unaukalia,
mtu hatoi kitu.
Na kiraka cha goti kiko wapi? Hawa hawatambai?"
Akafunua ukurasa kwa ncha ya mkasi.
"Mwanangu, huyu kavalishwa. Hakuvaa."

Ukurasa wa thelathini na moja wanatua pwani usiku,
"kisiwa kimoja cha joto", ndivyo maelezo yasemavyo,
na mikoko imesimama juu ya mchanga mweupe
kama miti ya bustani ya mkoloni.
Mumewe, Shaame, mkata boriti wa zamani,
alicheka mpaka akakohoa.
"Hapo pana tope la mapajani!
Komando wa kwanza angeacha kiatu,
wa pili angemwacha wa kwanza.
Na tazama: mwezi mpevu juu, maji mafu chini.
Bahari ya wapi hiyo?"

Nikaandika yote nyuma ya bahasha, kwa penseli:
mfuko, goti, tope, mwezi.
Nikadhani kazi imekwisha.

Usiku umeme ukakatika. Nikawasha chemli
nikaanza kuhesabu nyuso.
Wao, hamsini na wanane,
kila mmoja ana jina na cheo,
mmoja hata mbwa wake ana jina.
Adui ni visogo. Ni migongo. Ni vivuli mlangoni.
Mmoja tu kapewa macho, nayo yamefumbwa.
Na ukurasa wa arubaini na nne, pembeni,
pale mlango ulipokwisha kuvunjwa,
kuna sufuria juu ya mafiga, inachemka.

Nani aliyeinjika?
Kitabu kinataja aina ya bawaba, uzito wa baruti,
sekunde walizotumia kuingia.
Sufuria hakikuitaja.
Lakini mvuke wake mchoraji kaupatia,
unavyojikunja ukigusa dari, unavyosita;
pengine ndicho kitu pekee
alichowahi kukiona kwa macho yake.

Hapo bahasha ikanishinda.
Mfuko uliokosewa unafumuliwa, unashonwa upya.
Hili nilifumue wapi?
Hakuna kilichochorwa vibaya.
Kuna mtu tu hakuchorwa.

Asubuhi sikukiweka kwenye historia,
wala kwenye hadithi sikukiweka.
Nilikilaza mezani, bahasha nimeigandisha kwa gundi
ndani ya jalada, mwandiko wangu mbaya na yote.

Hidaya akaja na vumbi la njiani miguuni.
Bahasha aliiruka. Alikwenda kwenye helikopta moja kwa moja,
kama ambavyo ningekwenda mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu,
akiitia milio kwa midomo yake, taratibu, asisikike.
Kisha milio ikakoma.
Kidole chake kilikuwa pembeni, chini,
karibu na nambari ya ukurasa.

"Mwalimu, chakula hiki alikula nani?"

Kengele ikagongwa.
Niliishukuru kengele, na nikaona haya kuishukuru.