Ubao wa Tisa

Tumefika Mapendo saa mbili na nusu asubuhi,
Paluku kabeba stendi begani kama jembe,
mimi nimekumbatia kamera ya leza
ndani ya kitenge, maana vumbi la Goma
ni jiwe lililosagwa, hukwaruza hata jicho la kioo.

Nyumba imesimama juu ya mawe meusi,
mbao juu ya moto ulioganda.
Lava ilifika hatua nne kutoka mlangoni,
ikapinda, ikaenda kula ya jirani.
Fomu yetu haina nafasi ya kuuliza kwa nini.

Fomu ina namba ya ubao, upana, unyevu,
mchwa, ukungu, misumari iliyokula kutu,
na mwisho kabisa, hali:
nzuri, ya kati, mbovu.

Kahambu kakalia bidoni la njano
anachambua maharagi, hatutazami.
Kamera inazunguka polepole,
inamwaga nukta milioni ishirini ukutani,
na kwenye kioo nyumba inaibuka upya,
kijivu, haina uzito,
kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

"Na hiyo ya humo ndani, inavuja?"
"Haivuji, mama."
"Basi si yangu."

Mwezi uliopita, tulipokuja kuomba ruhusa,
ubao wa tisa ulikuwa mweusi,
chini umelainika kama mkate uliolowa chai.
Leo ubao wa tisa ni mweupe, unanuka mkaratusi,
misumari yake inang'aa kama meno ya mtoto.
Wa kumi na mbili vilevile. Na wa kumi na tatu.

"Mama, wa zamani uko wapi?"
Akaonyesha jikoni kwa kidevu.
"Uko chini ya sufuria. Mlisema mnakuja kuichunguza.
Mgeni anikute na uozo?
Nimempa kijana wa chukudu faranga za wiki nzima
aniletee tatu mpya."

Paluku akaanza kucheka, akakimeza kicheko.
Nikapiga magoti mbele ya mafiga, nikaupiga picha:
ubao wa tisa, nusu mkaa,
na pale ambapo ulimi wa moto haujafika
alama za randa, mkono wa mtu
aliyekuwa na haraka siku hiyo, au njaa.
Penye "mahali ulipo" nikaandika: jikoni, unawaka.

Kisha ubao wa ishirini, kando ya mlango wa chumba.
Bisibisi ikazama hadi mpini.
Nilipoubisha ulijibu kama boga.
"Huu je? Ndio mgonjwa kuliko wote,
mbona huu hukuubadili?"

Akainuka, mara ya kwanza tangu tufike,
akapangusa mikono, akasukuma mlango mwanga uingie.
Penseli. Mistari midogo, majina yaliyopinda:
Mbusa hadi usawa wa kifua changu,
Kyakimwa akimfukuza, mwaka huu amempita, mwaka ule amepitwa,
na Katungu mistari miwili, chini kabisa,
halafu juu yake ubao mtupu.

Kamera yetu huona kina cha nusu milimita.
Penseli haina kina.
Kwenye kioo ubao ule ulikuwa kimya,
kama haukuwahi kumpima mtu.

Tukatoa utepe wa fundi cherehani.
Paluku akasoma, mimi nikaandika.
Mbusa, mia moja kumi na tisa.
Kyakimwa, mia moja ishirini na moja.
Katungu, themanini na sita.

"Punguza mbili," akasema Kahambu,
"alisimamia vidole. Nilimwona, nikanyamaza."

Themanini na nne.
Hali: mbovu.
Pendekezo: usiguswe,
nikapigia mstari, ingawa mkubwa wangu ofisini
ataniuliza huo ni utaalamu gani.

Batri imebaki asilimia tisa, umeme haujarudi.
Kahambu akafunua sufuria.
Tulikula tumesimama, juu ya mawe,
maharagi yenye moshi wa mti wa zamani.
Paluku akaomba kuongezwa.