Daftari la Masufuria

Kijana wa upimaji ardhi alikuja Jumanne
na vigingi vyekundu na mashine ya miguu mitatu,
akauliza mtaa wetu waishia wapi.
Kwenye karatasi yake tulikuwa mraba
wenye nambari. Kisima hakikuwamo.

Nikamkaribisha barazani, nikamtolea daftari.
Si hati, si ramani: daftari la masufuria,
jalada limeshonewa pindo la kanga,
kurasa za mwanzo kwa herufi za Kiarabu,
mkono wa marehemu Bi Mwanamkuu
aliyelala na ufunguo wa stoo kiunoni
miaka thelathini na mmoja.

Stoo yenyewe ni chumba nyuma ya madrasa.
Masufuria tisa, ndivyo daftari lisemavyo.
Masinia arubaini na mawili,
miko mirefu kuwashinda wapishi,
mikeka ya matanga, turubai lenye kiraka,
na jeneza la mtaa, limeegemea ukuta
kama mgeni asiye na haraka.

Soma, nikamwambia. Mji uko humu.

*Sufuria la gunia, kwa Shekue, harusi ya bintiye. Limerudi. Lina masizi.*
*Masinia sita, hitima ya Mwenye Kombo. Yamerudi matano. La sita kalipa mjukuu.*
*Jeneza. Limerudi usiku, limelowa.*

Miaka hakuiandika Bi Mwanamkuu.
Aliandika: kabla ya bomba. Baada ya bomba.
Wiki skuli ilipoezekwa bati.
Mwezi chifu mpya alipoazima mikeka ya kikao
akairudisha na kunguni.

Sufuria kubwa kuliko yote, twaliita Mama wa Gunia,
lilibebwa na wanaume wanne, mti begani.
Zamani mtaa uliishia pale hao wanne
waliposhindwa kwenda bila kulitua:
kaskazini, ukuta wa ghala la chokaa;
magharibi, mteremko ushukao bandarini;
kusini, kwa Bakathiri kinyozi, na hapo ni kwa mbinde.
Mashariki hatukupima. Bahari haipiki pilau.

Kisha kodi ikawasukuma watu Miritini,
Mtopanga, Mishomoroni,
na harusi zao zikarudi na tuktuk kuchukua masufuria.
Bi Mwanamkuu akaandika jina,
akaandika na kituo cha kushukia.
Mtaa haukupungua, akasema, umejinyosha miguu.

Kijana akacheka. Akauliza,
kisheria, mwenye mali ni nani?
Nikamwonyesha ubavu wa sufuria moja,
neno WAKFU limechorwa kwa msumari,
na chini yake majina matatu, mawili yameliwa na moto.
La tatu limebaki herufi moja: Z.
Wako wasemao ni Zafarani,
aliyeletwa hapa mtumwa,
jina lisilo na baba nyuma yake,
akauza vitumbua mpaka akanunua shaba
ya kuwapikia wajukuu wa waliomnunua.
Wako wasemao siye.
Hilo nalo sikumwandikia.

Akahesabu, kwani kuhesabu ndiyo kazi yake.
Hapa mna manane, akasema.

Nikafunua ukurasa wa mia na kumi,
mstari pekee usio na alama:
*Mama wa Gunia, kwa kina Mbwarali, matanga.*
Basi. Hakuna *limerudi*.
Nyumba ile iliuzwa hata arubaini haijatimia,
na ufunguo ukapewa mtu asiyejua jina la jirani.
Nilikuwa msichana. Nikauliza: limepotea?
Bi Mwanamkuu akanitazama kana kwamba nimetukana.
"Halijapotea," akasema. "Lachelewa."

Jua lilikuwa limefika kizingitini.
Kijana akashika penseli, akangoja.
Basi niandike mpaka uko wapi, bibi?

Andika nambari yako, mwanangu.
Ila kigingi hicho kisogeze kidogo,
huko, upande wa mfereji.
Hapo ulipokitia
jeneza halipiti.