Daftari la Mweka Hazina

Tulikutana nyuma ya gereji ya Nderi, Kariobangi,
Jumapili, saa kumi, mafundi wa bati
wakiwa wamechoka kugonga na mtaa unasikika ukipumua.
Ramani tuliitandaza juu ya boneti ya Peugeot isiyo na injini,
pembe zake tukazikandamiza kwa plagi, bisibisi,
chupa ya soda na kiwiko cha Mutheu.

Pikipiki saba. Watu wanane, maana Kisombe
anabebwa na mkewe, na hilo halijadiliwi.

Niliandika: mafuta hadi Isiolo, hadi Marsabit,
halafu mafuta ya kubeba, kwa sababu baada ya hapo
kituo cha petroli ni mwanamke mwenye madumu,
akiwa nyumbani. Asipokuwepo, ni kumngoja.
Niliandika: tyubu kumi na nne. Viraka. Gundi.
Spoki, ambazo Nderi aliapa hazitahitajika,
kwa hiyo nikaongeza kumi.

Ubishi ulianzia mbugani.
Chepkurui alitaka Samburu, alitaka twiga
wale wenye ngozi kama wavu, awatazame
akiwa juu ya pikipiki, upepo usoni.
Mutheu akasoma simu yake kwa sauti ya hakimu:
langoni, pikipiki hapana.
Tukanyamaza. Nderi akasema, ni haki,
juu ya pikipiki mtu ni nyama isiyo na mlango.
Basi tukakubaliana kukodi gari nusu siku,
pikipiki tuziache kwa askari wa lango
kama viatu nje ya msikiti.

Kisha kidole cha Mutheu kikavuka Marsabit,
kikateremka Chalbi, kikasimama.
"Hapa hakuna kitu. Hapa tunapita tu, mbio."
Kweli karatasi pale ni nyeupe,
hakuna jina, hakuna mstari,
ila duara la kikombe cha chai cha mtu wa zamani.

Halakhe, ambaye tangu saa kumi
alikuwa anasugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu,
akainua kichwa. Akachovya kidole kwenye oili chafu.
"Hapo ni kisima." Doa.
"Hapo nilivunjika mkono." Doa.
"Hapo mama huhamia mvua ikikosa.
Na hapo yuko ndugu ya baba yangu, kwake hampiti mbio,
mtapewa maziwa, yatanuka moshi, na mtayamaliza."
Ramani ilichafuka mpaka ikawa na watu.

"Maji mmeandika mangapi?"
Nikafunua daftari. Kamera tatu. Betri. Miwani ya vumbi.
Maji: lita ishirini.
"Kila mtu?"
"Wote."
Alicheka, bila ubaya, kama unavyomcheka mtoto
aliyevaa viatu kombo siku ya kwanza ya shule.

Sijawaambia kwamba mimi, ninayehesabu pesa zao,
mchanga ninaoujua ni wa Ruai tu,
lundo la mjenzi mmoja aliyenikuta alfajiri
nikianguka kwa mara ya tatu,
akaniuliza kwa upole kama natafuta kokoto.
Nilimwambia najifunza jangwa.
Akanionyesha wapi amemwaga laini zaidi.

Agosti imekuwa Septemba, karo ya watoto wa Kisombe
haikutuuliza. Mipango si matumizi, anasema Nderi,
huku akipokea matumizi.
Usiku, chini ya ngazi za ploti yetu Umoja,
naifunua pikipiki turubai, naigusa tangi,
naifunika tena. Jirani anadhani nina mgonjwa.

Nimefuta ishirini, nimeandika mia.
Sifuri mbili, kaptula ya wino,
zimesimama kwenye mstari kama magurudumu
yanayongoja mtu apande.
Chini yake, kwa penseli:
kamba bado.