Gamba

Bi Mize Shaame aliingia dukani kwangu, Wete,
saa nne asubuhi, umeme umekatika,
akafungua pindo la kanga.
Nilidhani ni gamba la changu.
"Si gamba. Limetoka kwenye tuta la mhogo,
kwetu Mtambwe, mvua ilipoosha udongo.
Wewe ndiye mjuzi wa herufi za kinyume. Nisomee."

Kweli, kinyume ndiyo riziki yangu.
Mwaka wa kumi na tisa huu nachonga mihuri ya mpira:
masheha, vyama vya ushirika, kamati za misikiti,
daktari mmoja wa meno aliyehama bila kulipa.
Hata ndotoni nasoma mabango kutoka nyuma.

Tuliazima mizani ya Mbarouk sonara.
Fedha ile ikatoshana na karafuu kavu sita;
na siku ilipogongwa
karafuu ilikuwa haijaota kisiwani.

Palikuwa na mji pale, ng'ambo ya mkono wa bahari,
na ndani ya mji, naamini, kibanda chenye moshi wa mkandaa.
Fedha iliingia imevunjika:
bangili, vipuli, mahari iliyorudishwa kwa matusi.
Chunguni vyote vikasahau vilikuwa vya nani.
Kisha chuma chini, chuma juu,
nyundo moja.
Moja tu. Ya pili huua maandishi.

Upande huu jina, upande huu sifa,
na pande mbili zimetiwa vina.
Jina limelika; nimelijaza kwa kubahatisha:

*Enzi yake Imrani,
mtumishi wa Manani.*

Mizani minane kwa minane, kwenye kitu
kinachopotea chini ya ukucha!
Mtu aliweka ubeti kibindoni, akaenda kununulia mtama.

Mtawala alipata jina lake. Fundi hakupata.
Ila alikosea.
Dali moja imetazama kusikotazamwa:
ndani ya chuma kila herufi aliigeuza,
hii akaisahau. Labda mtoto alilia.
Labda alifika mtoza ushuru.

Namjua. Mimi niliwahi kuisahau N
kwenye muhuri wa skuli moja ya msingi,
na mwalimu mkuu akagonga vyeti mia mbili
kabla ya mtu kucheka.

Nikaigandamiza sarafu kwenye kidau cha wino,
nikaipiga juu ya risiti tupu, taratibu.
Maandishi yakatoka yamepinduka,
na hapo nikanyamaza, maana hivi,
hivi hasa, ndivyo alivyoyaona yeye
kwenye uso wa chuma, chini ya pua yake.
Kila herufi imegeuka.
Imesimama sawa moja tu, dali,
ile aliyoikosea.

"Itanunua nini?" akauliza Bi Mize.
"Sokoni, hata pilipili hupewi. Wapelekee watu wa mambo ya kale."
"Watanipa risiti?"
"Watakupa."
"Yenye muhuri?"
Sikumwambia muhuri wao nani aliuchonga.

Akalifunga gamba lake, karatasi akaniachia.
Umeme ulirudi saa sita.
Palikuwa na muhuri wa sheha wa kumalizia;
N yake niliitazama kwenye kioo
mara tatu.