Kilo Mbili na Robo

Mzani wa zahanati yetu, Kibosho, una kutu pembeni.
Mshale hutetemeka kwanza, kama aliyeulizwa swali gumu,
kisha hutulia:
kilo mbili na robo.
Muuguzi Ndeshi akasema, "Mdogo, lakini analia vizuri."
Nikaichukua namba ile,
nikapanda nayo mlima, nimeifunga khangani pamoja na mwenyewe.

Kila aliyekuja kumwona alileta sababu yake
na pakiti ya sukari, kilo moja kamili,
karibu nusu ya mwanangu.

Shemeji Kiwia alicheka mlangoni:
"Mama mtu kimo chake mche wa kahawa,
mlitaka azae mkaratusi?"
Mama Elinsia, wa ng'ambo ya mfereji, akamkatiza:
kifungua mimba hupima njia tu,
wanaofuata ndio hujaa.
Mume wangu Aminieli alihesabu wiki kwa vidole,
akakuta zimepungua mbili, akarudia kuhesabu.
Halafu akakumbuka Mabogini,
mimba ina miezi mitano, nami shambani kwenye mpunga,
homa ile iliyonilaza siku sita.
Ndeshi alikwisha kunieleza:
malaria hujificha kwenye kondo la nyuma,
chakula kikapita kwa taabu
kama maji ya mfereji uliojaa matope.

Wote walisema kweli, kila mtu kipande chake.
Hakuna aliyetaja mayai.

Mayai, mama mkwe aliyahesabu kila jioni,
akayafunga kwenye majani makavu ya mgomba, yakaenda sokoni.
"Mjamzito hali mayai," alisema.
"Na parachichi nusu linatosha.
Ukishiba wewe atashiba yeye,
na mlango ni ule ule."
Usiku mtoto alinigonga ubavuni
kama mgeni aliyekuta jiko limefungwa.
Nikimwambia, lala, kesho.
Kesho ilikuwa ugali na mboga za maji.

Siku ya tatu mama mkwe aliingia na mtori,
mfupa wa uboho umesimama katikati ya bakuli.
"Kula."
Nikala. Akajaza tena. Nikala.
Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
uso kaelekeza nje, migombani.

"Wa kwanza wangu alikuwa mkubwa.
Hakupimwa na mtu. Baba yake alisema
alikuwa mzito kama mkungu.
Mimi nililishwa kama ng'ombe wa zizini,
maziwa, nyama, kila mtu anasifu tumbo.
Siku mbili, mwanangu. Masika.
Wanaume wanne, machela ya magunia,
na barabara iko kule.
Mimi nilifika."

Hakunyoosha kidole. Alionyesha kwa kidevu
mgomba mmoja, mnene kuliko wenzake,
ambao sijawahi kuona ukikatwa.

"Nilitaka awe mdogo," akasema,
"ili mpite wote wawili."

Hasira yangu ilikuwa na miezi yake, ilikuwa imetimia.
Nikaishika kama bakuli la moto,
pa kuitua sipaoni.
Nilimwangalia mikono: ilikuwa inauchuna ule mfupa
kwa kisu, taratibu,
uboho wote uingie kwangu, usibaki hata tone.

Wiki ya sita tulishuka wote kliniki.
Mama mkwe ndiye aliyembeba,
ndiye aliyemtia kwenye mfuko wa mzani,
akasimama na mikono chini yake, haigusi,
kama mtu anayelinda taa upepo usiizime.
Mshale ukatetemeka, ukapita tatu,
ukapita tatu na nusu.

Ndeshi alifungua kadi, kalamu hewani.
"Hapa sikujaza. Uzito pungufu wa kuzaliwa: sababu?"

Nafasi yenyewe ni mstari mmoja,
mfupi, wa nukta nukta.

Mama mkwe alikuwa akimfunga mtoto kofia,
kamba moja inamshinda.

"Malaria," nikasema.

Na sikusema uongo.
Nikaenda kumsaidia ile kamba.