Nusu Kichwa, Kondele

Mashine ilikuwa juu ya sikio langu la kushoto
Okwiri alipouliza kwa sauti ya hakimu:
"Ndugu wa Nakuru, hebu sema tena,
mji gani una timu, mji gani una watu?"
Nikasema Nakuru. Ningesema nini?
Mtu hukana deni, hakani kwao.

Akaizima mashine.
Nusu ya kichwa ilikuwa uwanja uliofyekwa,
nusu nyingine bado msitu wa Mau.
"Basi kesi kwanza," akasema, "kichwa baadaye."

Ambetsa wa Kakamega, fundi wa viatu
aliyeingia kuchaji simu tu,
akasema sisi sote tunacheza:
kwao Bukhungu isukuti hulia mpaka kipa mgeni
husahau mkono upi ni wa kulia;
kwao hata fahali wana mashabiki,
watu huamka alfajiri, umande magotini,
kumsindikiza ng'ombe vitani kwa wimbo na filimbi.
"Wewe umewahi kumwimbia ng'ombe?"
Sijawahi. Nilikiri hilo.

Risper wa duka la pili, mikono ingali na unga wa mandazi,
akacheka hadi akashika mlango.
"Kisumu tukishinda hatulali.
Tukishindwa hatulali vilevile,
tunamtafuta refa usiku kucha kwa mdomo."
Akaeleza dabi ya ule mwaka wa mvua,
alivyofunga kibanda siku tatu, nyanya zikaoza,
"na sijutii hata moja."

Nikawatetea wangu. Nikataja raga,
vijana wenye shingo kama vigingi vya zizi,
vumbi la Afraha linaloingia jinoni Jumamosi
na kutoka Jumanne.
Nikasema sisi hatuna kelele, tuna subira:
tumeishangilia timu ikishuka daraja,
tukaishangilia ikishuka tena.
"Hiyo si subira," akasema Okwiri, "huo ni mkopo wa sako."
Benchi zima likaangua kicheko. Mimi pia, nusu.

Hapo stima ikapotea.

Redio ilikatika katikati ya jina la mfungaji.
Tukabaki na pumzi zetu na harufu ya spiriti.
Okwiri, pengine kwa kukosa la kufanya,
akamgeukia mwanangu Mwaniki, miaka minane,
aliyezaliwa Russia, ile hospitali, siyo nchi.
"Na wewe, jaduong', tuamulie."

Mwaniki hakunitazama.
"Kisumu," akasema,
kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Nilingoja mluzi, makofi, meza kupigwa.
Hakuna aliyepiga.
Risper alijifuta unga kwenye leso.
Ambetsa alichomoa simu isiyo na moto,
akaitazama kwa makini ya bure.
Okwiri akachukua makasi na kitana,
akaniinamisha kichwa polepole,
akamaliza kazi kwa mwanga wa mlangoni,
vibaya, kwa upole mwingi.
Pesa alikataa. "Tutadaiana," alisema.

Njiani mtoto aliuliza Afraha ni nini.
Nikamwambia ni ukuta wa mabati wenye tundu moja,
usawa wa jicho la mtoto wa rika lake,
na kwamba babu yake aliwahonga wavulana wengine njugu
wanipishe dakika kumi za kipindi cha pili.
"Mlishinda?"
Sikumbuki. Nakumbuka joto la bati shavuni,
na zile njugu.

Kesho ana mechi ya shule. Ni beki wa kulia.
Nimemwambia nitakuja.
Ameuliza kama nitavaa kofia.